Mwongozo kamili: Kwenda kwenye kongamano la wapigapicha Bagamoyo na kurudi na kitu mkononi

Baada ya kila kongamano simu yangu hujaa ujumbe unaofanana. "Kaka, nimelipa kiingilio, nimelala gesti siku tatu, nimepiga picha na wageni wote, lakini nimerudi kama nilivyokwenda." Cheti kipo, beji imetundikwa kwenye kioo cha studio, na kazi mpya hakuna.

Napiga picha Bagamoyo, harusi zaidi, na wenzangu kutoka Tanga, Dar na Morogoro wakija huku kwa mikutano huwa wanafikia kwangu au wananipigia kuuliza njia. Nimewaona wakiondoka, na kosa ninaloliona ni moja: wanakuja na kamera, hawaji na picha. Mtoa mada hawezi kukusaidia kwa kutazama lenzi yako. Anahitaji kazi anayoweza kuishika mkononi, akakuambia ukweli juu yake.

Hatua zilizopo hapa zinafaa kongamano la mji wowote, ila mifano yangu ni ya Bagamoyo kwa sababu ndiko ninakokujua.

Vitu vya kuandaa wiki mbili kabla

- Picha 15 hadi 20 zilizosafishwa kwenye karatasi, zote saizi moja. Inchi 8 kwa 10 inatosha.
- Faili gumu au boksi jembamba la kuzibebea, pamoja na vibanio vinne vya nguo. Mabaraza na kumbi nyingi za huku ziko wazi upande wa bahari, na upepo wa alasiri hubeba karatasi.
- Folda moja kwenye simu yenye picha hizohizo, kwa mpangilio uleule, zinazofunguka bila bando.
- Kadi ndogo 50 zenye jina, mji, aina ya kazi unayofanya, namba ya simu na barua pepe. Nyuma ya kadi weka picha yako moja. Watu husahau majina haraka, picha wanaikumbuka.
- Daftari na kalamu mbili.
- Kamera moja, lenzi moja au mbili ulizozizoea, betri mbili na memori kadi mbili. Kwa kamera ya megapikseli 24, faili moja la RAW (picha ghafi kabla kamera haijaibana) hula takriban MB 25 hadi 30, kwa hiyo kadi ya GB 64 inabeba picha kama 2,000. Hutazimaliza.
- Mfuko wa plastiki wenye zipu, vile vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na kitambaa laini cha lenzi.
- Ekstensheni ya matundu manne. Ukumbi wa watu 80 hauna soketi 80, na mwenye ekstensheni hupata marafiki ndani ya saa ya kwanza.
- Kitambulisho, risiti ya malipo na noti ndogondogo.

Stendi za taa, miavuli na lenzi kubwa uliyoazima viache nyumbani. Utashinda unavilinda badala ya kusikiliza.

Hatua ya 1: Hakikisha kongamano lipo, kisha andika swali moja

Kabla hujatuma hata shilingi, tafuta namba ya hoteli au ukumbi uliotajwa kwenye tangazo. Itafute mwenyewe, usitumie ile iliyoandikwa kwenye bango. Uliza kama ukumbi umeshikwa tarehe hizo na umeshikwa na nani. Na unapolipa kwa simu, soma jina linalojitokeza kabla hujaweka namba ya siri. Likiwa jina la mtu usiyemjua na halihusiani na waandaaji, simama hapo hapo, waombe akaunti ya taasisi au namba ya malipo yenye jina lao.

Ukishajiridhisha, fungua ukurasa wa kwanza wa daftari uandike swali moja unalotaka kulipatia jibu. Moja tu.

"Nitakuwaje mpigapicha mkubwa?" halijibiki, na anayeulizwa hivyo atakupa nasaha za kawaida tu. Linganisha na hili: "Kwenye kumbi za usiku nyuso za maharusi zinaungua na ukumbi nyuma unatoka mweusi tii. Nina flashi moja. Nibadilishe nini?" Au hili, ambalo aliniuliza dada mmoja wa Tanga: "Natoza bei moja kwa harusi ya Chumbageni hapa mjini na ya Pangani, na ya Pangani inanila nauli na siku nzima. Niipange vipi bei?" Maswali ya namna hiyo yana majibu, na majibu yake yanaingia kazini wiki ileile.

Halafu chukua ratiba, weka alama kwenye mada zinazogusa swali lako. Mada nyingine utahudhuria, lakini hizo ulizowekea alama utakaa mbele.

Utajua umefaulu hatua hii ukiweza kumtajia mtu swali lako kwa sentensi mbili bila kutafuta maneno.

Hatua ya 2: Chagua picha kwa ukali

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo usiharakishe. Itenge wiki nzima.

Anza na picha 200 unazozipenda. Siku ya kwanza zishushe hadi 60. Toa zote zinazorudiarudia: kama una bibi harusi watano wanaotazama dirishani, baki na mmoja. Siku ya pili zishushe hadi 30. Toa zile unazozipenda kwa sababu ya kilichotokea siku ile, mvua ilivyonyesha, gari lilivyoharibika njiani, mteja alivyolipa vizuri. Mtazamaji hakuwepo. Anaona karatasi tu.

Hizo 30 zisafishe saizi ndogo, za bei rahisi. Tandika mkeka sakafuni, zipange zote uzione kwa pamoja, na uziache hapo siku mbili. Pita ukienda kunywa chai, pita ukirudi kuswali, pita usiku taa zikiwa zimewashwa. Zipo picha zitakazokuchosha kufikia siku ya pili. Ziondoe. Kwenye skrini huwezi kuliona hili kwa sababu skrini inakuonyesha moja moja.

Kisha mwite mtu asiyepiga picha, mama yako, jirani, fundi cherehani wa mlango wa pili. Usimwambie lolote. Mtazame macho. Anaposimama na kuinama aangalie vizuri, hapo pana picha. Anapopita haraka, pana tatizo, hata kama wewe uliitesekea.

Zinazobaki, 15 hadi 20, ziwe na uzi mmoja. Usichanganye harusi, machweo, picha za pasipoti na simba wa Mikumi kwa kudhani unaonyesha kwamba unaweza kila kitu. Mhakiki, yaani mzoefu utakayemwonyesha kazi akukosoe, akimaliza atashindwa kujua wewe ni nani. Kama kazi yako ni harusi, chukua harusi moja tu na uisimulie tangu vyombo vinavyooshwa uani hadi gari linapoondoka na bibi harusi. Kama unapiga wavuvi, basi wavuvi. Picha ya kwanza ndiyo inayomfanya mtu akae vizuri kitini, na ya mwisho ndiyo anayoondoka nayo. Zichague hizo mbili kwanza, ndipo upange za katikati.

*Tahadhari kubwa kwa wapigapicha wa pwani.* Picha za ndani za wanawake, singo, kesha la hina, bibi harusi akiwa hajajifunika, hazitoki nje ya familia, na kukuajiri upige hakukupi ruhusa ya kuzionyesha ukumbini. Nimeona ndugu wawili wakigombana vibaya kwa sababu picha ya dada yao ilionekana mezani mbele ya wanaume wasiowajua. Omba ruhusa kwa kila anayeonekana, na uipate kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp. Mbali na heshima, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi. Kwa harusi ambayo huwezi kupata ruhusa, onyesha mikono, hina, vyetezo, viatu mlangoni, watoto wanaochungulia. Mara nyingi mkusanyo wa aina hiyo hutoka wenye nguvu kuliko ule wa sura za maharusi.

Hatua ya 3: Safisha picha za mwisho

Ili picha ya inchi 8 kwa 10 itoke safi unahitaji pikseli 2,400 kwa 3,000. Hesabu yake ni rahisi: nukta 300 kwa kila inchi. Kamera ya megapikseli 24 inakupa pikseli 6,000 kwa 4,000, kwa hiyo unayo ya kutosha na ya ziada hata ukikata pembeni kidogo.

Usisafishe picha uliyoitoa kwenye WhatsApp. Inapotumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa ukubwa na ubora wake, na kwenye karatasi utaona ngozi kama imepakwa udongo. Rudi kwenye faili la mwanzo.

Peleka studio picha moja kwanza, iliyo na ngozi ya mtu na kitu cheusi, suti au buibui. Mashine nyingi zimewekwa ziongeze mwanga na rangi zenyewe, na ngozi zetu hutoka na wekundu au weupe usiokuwepo. Mwambie fundi azime marekebisho ya mashine. Ukiona mikunjo ya buibui bado inaonekana na ngozi ina rangi yake, safisha zilizobaki siku hiyohiyo, kwenye mashine hiyohiyo.

Nyuma ya kila picha andika kwa penseli namba yake na mji ilikopigwa. Kalamu ya wino hupenya au huchafua picha ya chini yake.

Hatua ya 4: Fika siku moja kabla

Kutoka Tanga, panda basi la Dar ushuke Msata, kisha chukua usafiri wa barabara ya lami ya Msata hadi Bagamoyo, kilomita 64 hivi. Yapo mabasi ya Dar yanayopita njia ya Bagamoyo yenyewe, kwa hiyo uliza kabla ya kukata tiketi, utaokoa kubadilisha gari. Kutoka Dar, daladala za Bagamoyo zipo Makumbusho, na safari ni kilomita kama 70.

Chukua gesti iliyo karibu na Mji Mkongwe au karibu na ukumbi, hata kama chumba ni kidogo. Ukikaa mbali utategemea bodaboda alfajiri, na alfajiri ndiyo saa yako ya thamani kuliko zote huku. Ukifika tu, chomeka betri zote. Umeme ukikatika usiku utakuta umeshajaza.

Jioni ile tembea mji bila kupiga picha. Pita Ngome Kongwe, shuka ufukweni, angalia vyombo vimelala wapi. Ufukwe wa Bagamoyo unatazama mashariki, kwa hiyo jua linachomozea baharini na kuzama nyuma ya mji. Wageni wengi huja na ndoto ya machweo baharini wakaikosa, kumbe kitu chenyewe kiko asubuhi.

Hatua ya 5: Ukumbini

Jisajili mapema, kaa safu ya pili au ya tatu pembeni, mahali unapoona skrini na unapoweza kutoka bila kuwasumbua watu.

Usirekodi mada nzima kwa simu. Hutaitazama tena, na wakati unarekodi unaangalia kama mkono hautetemeki, husikii kinachosemwa. Andika. Mali bila daftari huisha bila habari, na maarifa ni mali. Kwa kila mada andika vitu vitatu tu: jambo moja nitakalolifanya, jambo moja sikulielewa, na jina la mtu au kifaa kilichotajwa.

Nafasi ya maswali ikifika, simama, sema jina lako na mji wako, uliza. Usianze na historia yako. "Asante kwa mada. Naitwa fulani, napiga harusi Tanga. Umesema unawasha flashi ikielekea ukutani. Ukumbi wa makuti usio na ukuta mweupe unafanyaje?" Imetosha, kaa chini. Ukumbi mzima umekujua kwa sekunde 15, na mapumziko yakifika wenye shida kama yako watakufuata wenyewe.

Hatua ya 6: Unapoketi na mhakiki

Makongamano mengi makubwa yana kipengele cha kuhakiki kazi, ambapo unakaa meza moja na mhariri, mkufunzi au mpigapicha mzoefu. FotoFest ya Houston, Marekani, huwapa washiriki dakika 20 kwa kila mhakiki. Kwenye makongamano yetu madogo unaweza kupewa 10. Kama ratiba haina kipengele hiki, kitengeneze: mfuate mtoa mada wakati wa chai, umwombe dakika 10 jioni, umwambie una picha 15 kwenye karatasi. Sijawahi kuona aliyesema ana picha za karatasi akakataliwa.

Nikueleze nilichokiona mwaka jana, maana kinarudiwa kila mara. Kijana mmoja, kazi yake nzuri kweli, alikaa na mhakiki akatoa simu. Akafungua galari akaanza kusukuma kidole: mtoto wake, risiti ya luku, harusi, bango la mpira, harusi. "Ngoja, ipo hapa hapa juu." Ujumbe wa benki ukashuka kwenye skrini, wote wawili wakausoma. Alipoipata picha ya kwanza dakika saba zilikuwa zimeshaondoka, na jua lilikuwa linapiga kioo, mhakiki akaziba kwa kiganja ili aone. Aliambiwa "kazi nzuri, endelea hivyo hivyo," akainuka akiamini amefanikiwa. Iliniuma, kwa sababu picha zake nilikuwa nazijua.

Fanya hivi badala yake.

Salimia kwa adabu inayomstahili, shikamoo kwa mzee, kisha weka daftari wazi upande wako na picha upande wake. Sema sentensi tatu: wewe ni nani, picha hizi ni za nini, na swali lako. Mkabidhi boksi zima, ashike mwenyewe.

Sasa nyamaza. Hii ndiyo sehemu ngumu. Usimwelezee picha anapoitazama, kwa sababu maneno yako yanaziba kile ambacho picha imeshindwa kusema, na hicho ndicho ulichokuja kukijua. Tazama mikono yake. Picha anazozirudia, na zile anazozipitisha haraka, ziandike namba bila yeye kuona.

Akimaliza muulize maswali mawili: "Ungeondoa picha zipi tatu?" na "Unaona nini hakipo?" Yote mawili yanamlazimu kuwa mkweli, wakati "umezionaje?" inampa mlango wa kutokea kwa sifa. Akikukosoa usijitetee. Kusema "mwanga ulikuwa mbaya siku ile" hakubadilishi karatasi iliyo mezani. Mwisho muulize nani mwingine anapaswa kuziona.

Uhakiki ukifanyika kwenye baraza, bana picha kwa vibanio pindi tu mnapokaa. Na weka mgongo wako upande wa jua ili kivuli chako kiangukie picha zisiakisi mwanga.

Umefaulu kama unaondoka na namba tatu za picha za kuondoa na jambo moja la kwenda kupiga. Sifa peke yake, hata tamu namna gani, maana yake hukuuliza vizuri. Tafuta mhakiki wa pili. Wawili wakitaja picha ileile, itoe bila kusita. Wakipingana, iache na uiulizie kwa wa tatu.

Hatua ya 7: Alfajiri ufukweni

Karibu kila kongamano la huku lina matembezi ya picha. Hata kama halina, amka uende.

Jua la Bagamoyo huchomoza kati ya saa 12 kasoro dakika chache na saa 12 na dakika 40 asubuhi, kutegemea mwezi. Uwe mchangani nusu saa kabla. Muulize mwenyeji habari ya maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, bahari hutoka mbali sana na vyombo hubaki vimekaa kwenye mchanga mtupu, na wakati wa maji mafu haitoki sana. Kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana, kwa hiyo ulichokiona leo saa 12 na nusu kesho utakikuta karibu na saa 1 na dakika 20.

Sasa kosa lililonigharimu mimi mwenyewe. Nililala chumba chenye kiyoyozi, kamera mezani. Nikatoka nayo mbio alfajiri, nikafika ufukweni wakati wavuvi wanashusha ndoo kutoka mashua iliyoingia usiku, anga jekundu, watoto wamekaa ukingoni mwa ngalawa. Nilipoinua kamera niliona ukungu mtupu. Joto la pwani lenye unyevu lilikuwa limekutana na kioo baridi, na lenzi ikatoka jasho. Nikafuta, likarudi. Nikafuta, likarudi. Ilichukua karibu nusu saa kukauka, na anga ile ilikuwa imekwisha.

Dawa yake ni ndogo mno. Usiku funga kamera ndani ya mfuko wenye zipu pamoja na vipakiti vya silika. Asubuhi toa mfuko nje ukiwa umefungwa, uache dakika 30 kamera ifikie joto la nje, ndipo ufungue. Unyevu utakaa nje ya mfuko. Kamwe usibadilishe lenzi ilhali kamera bado ni baridi, kwa sababu jasho litaingia ndani, na huko ndiko kuvu huanzia.

Kuhusu watu: wale wako kazini. Salimia kwanza, kamera ikiwa imening'inia, siyo machoni. "Shikamoo mzee, poleni na kazi. Naomba ruhusa nipige picha mnavyoshusha samaki." Akisema hapana, mshukuru uondoke, na wenzake waliosikia watakuheshimu kwa hilo. Kina mama wanaokaanga samaki kwenye makarai wamepigwa picha mara nyingi na wageni wasiosema hata habari za asubuhi. Nunua samaki, kaa, ule, ongea. Baada ya hapo picha huja zenyewe.

Wanaposimama mbele ya jua, pima mwanga kwenye anga pembeni mwa jua, siyo kwenye uso, uwaache wawe vivuli vyenye umbo. Kwa maji yanayoruka miguuni anza na spidi ya shata ya sekunde 1/500. Ukitaka sura zao, zunguka wewe uwe na bahari mgongoni, maana jua la saa 1 linawapiga usoni kwa upole ambao taa ya studio haiupati.

Usirushe droni bila kibali. Droni Tanzania zinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kibali hakipatikani kwa siku moja, kwa hiyo lianze mapema au uliache. Magofu ya Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, lipa kiingilio na umweleze mhifadhi kama picha ni za kibiashara. Na kwenye makaburi yale usipande juu kutafuta pembe nzuri. Watu bado wanaenda kuomba dua pale.

Ukirudi, pangusa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji baridi na kukamuliwa, kisha kikavu. Chumvi ikikauka kwenye vitufe utaisikia inakwaruza baada ya mwezi. Nakili picha kwenye laptopu na kwenye diski ya nje kabla hujafuta chochote kwenye kadi.

Hatua ya 8: Foleni ya chakula

Vijana hukimbilia mgeni mkubwa aliyetoka mbali. Mpe salamu zake, lakini kazi yako ya mwezi ujao ina uwezekano mkubwa wa kutoka kwa mtu aliyeshika sahani nyuma yako. Mpigapicha wa Dar anapopata harusi Tanga, humpigia mtu wa Tanga aliyemwona anafika kwa wakati na kusema vizuri na watu.

Muulize kazi zake zinamsumbua wapi. Mpe kadi. Na unapohifadhi namba yake, usiandike "Juma Picha," utakuwa nao kumi na wawili. Andika jina, mji, kazi na mlipokutana: "Juma Morogoro bidhaa Bagamoyo."

Hatua ya 9: Siku kumi baada ya kurudi

Ndani ya siku mbili mwandikie mhakiki na wale watatu au wanne mlioelewana. Ujumbe mfupi, unaotaja jambo alilokuambia:

"Shikamoo mama. Ni fulani wa Tanga, mwenye picha za harusi ya uani. Ulinishauri niondoe namba 4, 9 na 13, nimeziondoa. Umesema hakuna picha ya wapishi, Jumamosi nina harusi nitawapiga. Nikimaliza naomba nikutumie tano uzione."

Unapotuma, punguza picha upande mrefu uwe pikseli 2,048, rangi za sRGB (mpangilio wa rangi unaosomeka vizuri kwenye skrini nyingi), na uzitume kama dokumenti au kwa barua pepe ili zisibanwe. Tano, siyo 40.

Kisha nenda ukapige kile kilichokosekana. Tandika tena mkeka, panga upya. Mkusanyo uliopitia mikono ya watu wawili wakweli na kurekebishwa unaweza kuombewa nafasi kubwa zaidi, kama maonyesho ya picha ya Bamako, Mali, yaliyoanza 1994. Soma masharti yao, kwa kawaida wanataka picha chache zenye simulizi moja, na wewe tayari unazo.

Deni la mwisho ni la ufukweni. Mvuvi aliyekuruhusu, mama aliyekukaangia samaki, safisha picha moja moja kwa ajili yao, saizi ndogo tu, uzitume kwa basi ukimpigia mwenyeji wako azipokee stendi. Andika jina la chombo juu ya bahasha pamoja na jina la mtu, kwa sababu pale mchangani mtu huulizwa kwa mashua anayofanyia kazi, na bahasha itamfikia hata akiwa ametoka baharini usiku huohuo.